Kikifa, Kitakufa Vipi? Maneno kwa Wafugaji wa Tangi la Maji ya Bahari

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa wafugaji wa samaki na matumbawe ya nyumbani. Wenzetu wengi hawakuweza kufika, wakaomba niwawekee maneno yote, basi haya hapa kama yalivyosemwa. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha. Hamtakosa kitu, maana kila kilichoonekana nilikieleza kwa mdomo.

*

Mwenyekiti, mabibi na mabwana, wafugaji wenzangu, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Naomba nianze na mkono wangu. Alfajiri moja, miaka kadhaa iliyopita, niliamka nikaenda sebuleni na kutumbukiza vidole kwenye tangi, kama nilivyozoea kufanya kabla ya kuwasha taa. Nilivitoa upesi. Maji yalikuwa na joto la maji ya kuogeshea mtoto mchanga. Nikawasha taa. Matumbawe yalikuwa yametoa ute mweupe unaoning'inia kama nyuzi. Samaki wawili walikuwa juu kabisa, midomo inagusa uso wa maji, mashavu yanapiga haraka haraka. Wa tatu alikuwa amelala ubavu nyuma ya jiwe. Kipimajoto kilisoma digrii 33. Nilipokwenda kulala kilisoma 26.

Na ile hita, kifaa cha kupasha maji joto, kitaa chake chekundu bado kinawaka.

Hiyo ndiyo picha ambayo haijanitoka mpaka leo. Sikulia kwa ajili ya hasara ya vyombo. Nilisikitika kwa sababu viumbe wale hawakuwa na pa kukimbilia. Samaki wa baharini maji yakimchoma huzama chini au huhama upande. Wa kwangu alikuwa na vioo vinne.

Mnajua kilichotokea? Ndani ya hita nyingi za kawaida kuna vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Maji yakipoa vinagusana, hita inawaka. Maji yakipata joto linalotakiwa vinaachana, hita inazima. Kila vinapogusana na kuachana huruka cheche ndogo. Cheche hizo, maelfu kwa maelfu, huunguza vile vichwa mpaka siku moja vinanasiana vikawa kitu kimoja, kama vimechomelewa. Tangu saa hiyo hita imesahau kuzima.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo lililonileta hapa. Kama hita ile ingekufa kwa kuzima, maji yangepoa taratibu, ningeyakuta na digrii 23 au 24, ningenung'unika, ningetafuta nyingine, na wote wangekuwa hai. Haikufa kwa kuzima, ilikufa kwa kuwaka. Swichi ni ileile. Ikifia upande mmoja unapata usumbufu, ikifia upande wa pili unapata msiba.

Tangu siku ile sinunui chombo chochote cha tangi kabla ya kukiuliza swali moja. Kinafanya nini kikiwa kizima? Hilo limeandikwa kwenye boksi, tena kwa herufi kubwa. Mimi nauliza: kikifa, kitakufa vipi?

Tufanye hesabu ya hita pamoja. Una tangi la lita 200 na hita moja ya wati 300. Ikinasa, inapandisha maji karibu digrii moja na theluthi kila saa, ukiacha joto linalopotelea hewani. Wewe umelala saa saba. Sasa chukua hita mbili, wati 100 kila moja, ambazo kwa chumba kisicho na baridi kali zinatosha. Moja ikinasa, inapandisha chini ya nusu digrii kwa saa, na kadiri maji yanavyozidi joto la chumba ndivyo yanavyolipoteza upesi. Utaamka na tangi lenye joto kidogo, si supu. Na moja ikifa kwa kuzima, mwenzake yupo, anabeba mzigo mpaka ufike.

Juu ya hizo mbili weka kontrola ya joto ya nje, yenye sensa yake yenyewe, yaani kihisio cha kusoma joto. Hita ziwekwe digrii 26, kontrola ikate umeme ikifika 27. Kila kimoja kinamlinda mwenzake. Lakini hata kontrola iulize lilelile swali! Yuko mwenzetu ambaye sensa yake ilichomoka kwenye kishikio ikaning'inia nje ya maji. Ikasoma hewa ya chumba, kontrola ikaamini tangi limepoa, ikaruhusu hita ziwake. Kilichomwokoa ni kwamba hita zenyewe zilikuwa zimewekwa 26, si 35 kama baadhi yetu tunavyofanya tukisema kontrola itasimamia. Basi funga sensa kwa vishikio viwili, iweke chini kabisa panapopita maji, na usizinyime hita kazi yake ya kujizima.

Nimekaa sana kwenye joto. Nimefanya hivyo makusudi, kwa sababu sijaona kifaa kingine kinachoweza kumaliza tangi zima ndani ya usiku mmoja kwa ukimya namna ile.

Tuingie kwenye chumvi.

Kati ya mwaka 1872 na 1876 meli ya Uingereza iitwayo Challenger ilizunguka bahari za dunia ikichota maji kwenye vilindi na kwenye uso. Mkemia William Dittmar alizichambua sampuli 77, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1884. Alichothibitisha kinatuhusu mpaka leo: chumvi inaweza kuzidi kidogo hapa na kupungua kidogo pale, lakini uwiano wa madini makubwa yaliyomo ndani yake ni uleule karibu kila mahali bahari kuu. Kwa sababu hiyo wewe na mimi tunaweza kupima kitu kimoja tu, tukajua hali ya chumvi yote. Gramu 35 kwa kila kilo moja ya maji. Ndicho kipimo tunachokilinda.

Na kwa nini tukilinde? Kwa sababu matumbawe, kaa, nyota wa bahari, wote hawa wameumbwa kwenye maji ambayo chumvi yake haichezi. Samaki anazo figo na matamvua yanayofanya kazi ya kurekebisha. Nyota wa bahari hana. Maji yaliyomzunguka ndiyo maji yaliyo ndani yake. Ukiyabadilisha ghafla, umembadilisha yeye.

Adui wa chumvi iliyotulia ni kitu tusichokiona: maji hupaa, chumvi hubaki. Tangi la lita 200 likipoteza lita 3 kwa siku, na hilo si jambo la ajabu hasa ukitumia feni za kupooza maji, wiki moja bila kujaziwa linabaki na lita 179. Chumvi iliyokuwa 35 imekuwa 39. Kwa macho unaona tu kwamba maji yameshuka vidole vichache. Na mgeni wa kazi hii akiyaona yameshuka hujaza kwa maji ya chumvi, akaongeza chumvi juu ya chumvi! Kinachopaa ni maji matupu, basi kinachorudishwa kiwe maji matupu. Tena yaliyopita kwenye mtambo wa kuchujia maji, ule wa osmosisi na resini yake, yakapimwa kuwa hayana kitu kilichoyeyuka, maana shaba kidogo tu kutoka kwenye mabomba inatosha kuua konokono na kamba.

Kwa hiyo tunanunua kifaa cha kujaza chenyewe. Sensa, pampu ndogo, ndoo ya akiba. Maji yakishuka, sensa inaamuru, pampu inajaza. Kwa maoni yangu hiki ndicho kifaa cha kwanza kununua baada ya hita, kabla ya taa za kupendeza, kabla ya skima kubwa, kile kifaa cha kutoa uchafu kwa povu. Kikiwa kizima kinakupa utulivu ambao mikono yako haiwezi kuutoa, kwa sababu kinajaza glasi moja mara kumi kwa siku badala ya ndoo moja mara moja kwa wiki.

Lakini kikifa, kitakufa vipi?

Nisimulie habari ya konokono. Mwenzetu mmoja, mtu makini kuliko mimi, alikuwa na swichi ya boya. Boya likishuka na maji, pampu inawaka, likipanda inazima. Usiku mmoja konokono wa baharini, mmoja wa wale wanaosafisha mwani kwenye vioo, alipanda akakaa juu ya boya. Uzito wake ukalizuia lisipande. Pampu ikaambiwa jaza, ikajaza. Jaza, ikajaza. Ndoo ya akiba ilikuwa ya lita 40. Aliipenda kwa kuwa ilimtosha karibu wiki mbili bila kuigusa. Zote 40 ziliingia kwenye lita zake 200. Chumvi ilishuka kutoka 35 hadi 29 kabla ya asubuhi. Nilifika kumsaidia. Nyota wake wa bahari alikuwa ameanza kulegea, mkono mmoja umejikunja vibaya, ngozi ina vidonda vyeupe. Alikufa siku ya tatu. Konokono mwenyewe tulimkuta bado yuko juu ya boya.

Sasa chukueni kalamu. Ndoo ingekuwa ya lita 10, na zote zikaingia, chumvi ingeshuka hadi 33 na kidogo. Hilo wanyama wengi wanalivumilia. Unaona? Ukubwa wa ndoo si suala la urahisi wako. Ukubwa wa ndoo ndio breki ya mwisho wakati breki nyingine zote zimekatika. Chagua ndoo ambayo, ikimwagika yote kwa mara moja, tangi lako litaumia lakini litaishi. Gharama yake ni kuijaza mara nyingi zaidi. Ijaze.

Halafu weka sensa ya pili, juu kidogo ya ya kwanza, ambayo kazi yake ni kusema basi tu. Zipo za mwanga, zisizo na kitu kinachocheza ambacho konokono anaweza kukikalia, ingawa nazo hudanganywa na ute na mwani ukiota kwenye kioo chake, kwa hiyo zifutwe. Weka kizuizi kwenye boya. Na mdomo wa mpira unaoleta maji uwe juu ya uso wa maji, usizame kamwe. Ukizama, pampu inaweza kuzima lakini maji yakaendelea kuvutana yenyewe, ama ndoo ikaishia tangini, ama maji ya tangi yakarudi kwenye ndoo.

Kuhusu kupimia chumvi, nipite haraka. Haidromita zile za mkono wa plastiki hudanganya kiputo cha hewa kikinata kwenye mkono wake. Rifraktomita ni bora, ila isahihishwe kwa maji ya kipimo cha 35, si kwa maji matupu peke yake, kwa sababu unataka iwe sahihi pale unapoitumia.

Sasa niwapeleke London, mwaka 1846.

Mama mmoja, Anna Thynne, alikuwa ameokota matumbawe madogo ya mawe kwenye pwani ya Torquay, akayachukua mpaka nyumbani kwake London, mbali na bahari. Pampu hana. Hita hana. Umeme wa nyumbani haujakuwapo. Maji ya bahari yenyewe lazima yaletwe kutoka mbali. Yalipoanza kuchoka, alifanya nini? Alimweka mtumishi wa nyumba mbele ya dirisha lililo wazi, ayamimine maji kutoka chombo kimoja kwenda kingine, ayarudishe, ayamimine tena, nusu saa mpaka dakika arobaini na tano, kila siku. Mwaka uliofuata akaongeza mwani wa baharini. Matumbawe yakaishi.

Fikirini ile mikono. Fikirini uzito wa mtungi, na siku ya pili, na siku ya thelathini. Kila pampu ya mawimbi tunayoitundika leo kwenye kioo inafanya kazi ya mikono ile, na ile ni kazi ya kuugeuza uso wa maji. Wengi tunadhani mapovu ndiyo yanayotia hewa. Mapovu husaidia zaidi kwa kuyachemsha maji ya juu. Oksijeni huingia, na kaboni dioksidi hutoka, pale maji yanapokutana na hewa. Uso uliotulia kama kioo ni tangi lililoziba pua.

Na maji yetu ni maskini wa oksijeni tangu mwanzo. Kwenye digrii 25, lita moja ya maji yasiyo na chumvi inaweza kushika takriban miligramu 8.3 za oksijeni. Maji ya bahari kwenye joto hilohilo hushika kama 6.7 tu. Yakifika digrii 30, kama 6.2. Kumbukeni samaki wangu walivyokuwa wanatweta juu. Joto liliwapiga mara mbili: liliwaongezea haja ya kupumua na likawapunguzia cha kupumua.

Sasa umeme ukatike. Hebu niambieni, nani kwenye tangi ataanza kuumia? Wengi hujibu kwamba baridi itawaua. Baridi huja polepole, maji mengi hayapoi upesi. Kinachoanza kwisha ni oksijeni. Wala hawaipumui samaki peke yao. Yale mawe hai tunayoyasifu, yenye mabilioni ya bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti na naitraiti kuwa naitreti, nayo yanaivuta usiku kucha. Tangi lenye samaki wengi linaweza kuwa kwenye hatari baada ya saa chache tu.

Baada ya msiba wa hita nilinunua pampu ndogo ya hewa ya betri, ile inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika. Ni kitu kidogo, hujaza kiganja. Ilikaa ukutani miezi mingi bila kazi, nikaanza kuiona kama pambo. Kisha siku moja nilikuwa safarini, umeme ukakatika saa tisa mfululizo. Niliporudi, kabla sijafungua mlango, niliusikia ule mlio wake mwembamba, zzzz, ndani ya nyumba iliyo kimya na giza. Nilimulika kwa tochi ya simu. Jiwe la hewa linachemka kwenye pembe, na samaki wote, hata wale wasioelewana, wamejikusanya pale bega kwa bega. Joto lilikuwa 23. Hakufa hata mmoja.

Kwa hiyo ukiwa na betri ya akiba, usiipe hita, itaimaliza kabla hujapata usingizi. Ipe pampu ya mawimbi. Pampu za kisasa zinazotumia umeme wa DC, kama ule wa betri, hula kidogo sana, betri nzuri inaweza kuzibeba muda mrefu.

Kwa wenye tangi la chini, lile tunaloliita sampu: pampu ya kurudisha maji ikizima, maji ya juu huteremka kupitia bomba la kurudishia mpaka hewa iingie kwenye mdomo wa bomba. Watu huweka vali ya kuzuia yasirudi, wakalala. Vali hiyo hukaa majini miezi, ikaota chaki na mwani mgumu wa waridi, na siku inayotakiwa haifungi. Itakufa vipi? Itakufa wazi. Mimi naitoboa bomba tundu dogo karibu na uso wa maji ili hewa iingie mapema, nalisafisha tundu hilo kila wiki kwa mswaki, na juu ya yote naacha nafasi tupu kwenye sampu ya kutosha maji yote yatakayoshuka. Nafasi tupu haina swichi wala mpira wa kuchakaa.

Nije kwenye jambo la mwisho lililo zito, nalo linawahusu hasa wenye matumbawe magumu.

Tumbawe linajenga mifupa yake kwa kalsiamu na kaboneti linazozichota majini. Akiba ile ya kaboneti ndiyo inayopimwa tunapopima alkaliniti, na ndiyo pia inayozuia pH, kipimo cha uchachu wa maji, isiyumbe. Baharini alkaliniti ni karibu 7 kwa kipimo cha dKH, yaani digrii za ugumu wa kaboneti, kalsiamu ni kama miligramu 420 kwa lita, magnesiamu karibu 1,300. Matumbawe yakikua, huimaliza akiba kila siku, usiku na mchana. Lazima uirudishe. Hapo ndipo zinapoingia pampu za kipimo, zile ndogo zenye magurudumu yanayoukamua mpira taratibu na kutoa mililita moja moja.

Nina rafiki, naye yumo humu ndani na amenipa ruhusa kusema. Miezi minne alikuwa anaifukuza namba ya alkaliniti. Asubuhi anapima, anapata 6.8, anamimina dawa. Jioni anapata 9.4, anaogopa, anaacha kabisa. Kesho kutwa 7. Anamimina. Alikuwa amesoma mahali kwamba 8.5 ndiyo namba nzuri, na aliipenda namba ile kuliko alivyolitazama tangi. Nilipokwenda kuona, ncha za matumbawe yake zilikuwa nyeupe, zimeungua, nyama imejivuta nyuma ikaacha mfupa mtupu, kama ukucha uliokatwa sana. Nilimwomba kitu kimoja: asiguse chochote siku tatu, apime saa ileile kila siku, ajue tangi linakula kiasi gani. Likawa linakula nusu dKH kwa siku. Basi akairudisha ile nusu, imegawanywa mara kumi na mbili usiku na mchana, na tangi likatulia penyewe kwenye 7.6. Hakulisukuma kwenda popote. Baada ya wiki sita ncha zilianza kupata rangi.

Tumbawe linazoea 7.5. Linazoea 9. Lisichoweza kuzoea ni 7 asubuhi na 9 jioni.

Na pampu ya kipimo, ikifa? Mpira ukichakaa inatoa pungufu, na hilo utaliona kwenye kipimo cha wiki ukiwa unapima kwa uaminifu. Hatari kubwa ni kontrola yake ikichanganyikiwa baada ya umeme kurudi ikarudia dozi, au ikabaki imewaka. Kwa hiyo yaleyale ya ndoo ya lita 10: chupa ya dawa isiwe na akiba ya miezi miwili. Na dawa ya kalsiamu isidondoke mahali pamoja na ya kaboneti. Zikikutana kabla ya kuchanganyika na maji mengi hugeuka unga mweupe wa chaki, unapoteza zote mbili na pampu zako zinakakamaa.

Kuhusu pH, neno moja. Hupanda mchana na kushuka usiku, na hiyo ni kawaida. Ikiwa inakaa chini siku zote, kabla ya kununua chupa yoyote fungua dirisha. Chumba kilichofungwa na watu ndani yake hujaa kaboni dioksidi, nayo huingia tangini. Anna Thynne hakuwa na kipima pH, lakini alijua mahali pa kumsimamisha mtu wake.

Mtaniuliza habari ya skima, taa na kontrola kubwa. Skima ni kifaa kizuri mno. Inachukua uchafu ulioyeyuka na kuutoa na povu kabla haujaoza, nayo inatia hewa. Ikifa inafurika au inanyamaza, na vyote viwili vinavumilika kwa siku chache. Taa ziwe na taima, basi, na zikiwa mpya zianze na mwanga mdogo, matumbawe yasije yakapauka. Kontrola kubwa inayosimamia kila kitu naiheshimu, ila msiweke kila kitu chini ya mkono mmoja. Kengele ya joto iwe kifaa tofauti, chenye betri yake, ili siku kontrola itakapolala mtu mwingine apige kelele.

Umeme wenyewe, kwa maisha yenu ninyi: kila waya upinde chini kabla ya kufika kwenye soketi, ili tone la maji lidondokee sakafuni. Na muwe na swichi ya usalama inayokata umeme mara unapovuja. Hii msiiache. Lakini hata hiyo nayo tuiulize! Ikikata, inazima tangi zima, hata kama kosa ni la hita moja yenye ufa. Kwa hiyo gawanyeni mara mbili: hita moja na pampu moja upande huu, hita ya pili na pampu ya pili upande ule, kila upande na swichi yake. Mmoja ukikata, mwingine unapumua.

Ninalowaomba mfanye ni hili. Jumamosi, mchana, mkiwa mmesimama mbele ya tangi na taulo mkononi, zimeni swichi ya ukutani. Zote. Kisha msiguse kitu kwa nusu saa. Tazameni maji ya sampu yanapanda mpaka wapi. Tazameni kama pampu ya betri inaitika. Washeni tena, mhesabu ni vifaa vingapi vimerudi vyenyewe na ni kipi kinasubiri kubonyezwa. Kisha nyanyueni boya la kujazia kwa kidole, mlishushe, mwone kama pampu inatii. Mimi hufanya hivi kila mwanzo wa mwezi, na mara mbili nimekuta pampu ya kurudisha maji imegoma kuwaka kwa sababu chaki imeishika shingo. Niliikuta mchana, nikiwa nyumbani, na siki ya kuisafishia iko karibu.

Hiki nilichoshika ni ile hita. Sikuitupa. Naipitisha, ianzie mstari wa mbele. Ipokeeni taratibu kwa sababu kioo kina ufa karibu na shingo. Igeuzeni kuelekea kwenye taa mtaviona vile vipande viwili vya chuma juu ya koili, vimegusana, na pale vilipogusana pana doa jeusi dogo kama punje ya ufuta. Wakati inazunguka, nakaribisha maswali. Naona dada pale nyuma mkono umekuwa juu tangu nilipomtaja konokono. Karibu, dada.